Laini Isiyo na Kadi: Tuiiteje?

Miongoni mwa maswali yanayoletwa kwa watu wanaoshughulikia istilahi, yako yanayojibika mara moja kwa kufungua kamusi, na yako yanayotulazimisha kuuliza kwanza kitu chenyewe ni nini na kinafanya kazi gani. Swali tutakalolijadili katika makala haya ni la aina ya pili.

Mfasiri mmoja wa Mkoa wa Kigoma alituletea rasimu ya tangazo la kuwaelimisha wananchi juu ya simu za mkononi zisizohitaji kadi ya kuchomeka, yaani simu zenye kile ambacho ulimwengu umezoea kukiita eSIM. Katika rasimu yake alitumia istilahi "laini pepe", akaandika: "Laini pepe haipotei hata simu ikipotea." Akatuuliza kama istilahi hiyo inafaa.

Tukiri kwamba mara ya kwanza tuliiona inafaa. Ni fupi, inatamkika, na imefuata njia iliyokwisha kuzoeleka katika "barua pepe". Lakini sentensi ile ilitutia mashaka. Tuchukulie kwamba mchuuzi wa dagaa wa Katonga ameisoma na kuiamini, kisha simu yake ikaangukia ziwani wakati fedha za mtaji zimo katika akaunti yake ya simu. Atanunua simu nyingine na kungoja laini ishuke yenyewe kutoka hewani. Haitashuka. Tulipochunguza zaidi tuliona kwamba mfasiri hakukosea kwa uzembe. Aliliamini neno, na neno ndilo lililompoteza. Kwa hiyo tuliamua kulitazama jambo hili tangu shina lake, na matokeo ya kazi hiyo ndiyo tunayowaletea wasomaji wetu.

Kitu chenyewe

Herufi SIM ni kifupisho cha maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya sehemu inayomtambulisha mteja. Kadi za kwanza zilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya mjini Munich, Ujerumani, zikauzwa kwa kampuni ya simu ya Radiolinja ya Finland. Kadi ya wakati ule ilikuwa na ukubwa sawa na kadi ya benki, milimita 85.6 kwa 54. Baadaye ilipunguzwa ikawa milimita 25 kwa 15, halafu 15 kwa 12, na mwaka 2012 ikafika milimita 12.3 kwa 8.8. Muda wote huo kilichokuwa kikikatwa ni plastiki tu. Aliyefanya kazi tangu mwanzo ni chipu, yaani kile kipande kidogo cha silikoni kilichofichwa chini ya bati la rangi ya dhahabu.

Katika eSIM plastiki imeondolewa kabisa. Chipu hulehemewa katika ubao wa simu huko huko kiwandani, na ukubwa wake ni kama milimita 6 kwa 5. Chama cha kimataifa cha makampuni ya simu, GSMA, kilitoa mwaka 2016 maelezo ya kiufundi ya kuwezesha chipu hizo kutumika katika vifaa vya watu wa kawaida. Mwaka 2017 simu ya Google Pixel 2 ilitoka ikiwa nayo, mwaka 2018 ikafuata iPhone XS, na mwaka 2022 simu za iPhone 14 zilizouzwa Marekani zilitoka bila tundu la kadi. Hapa Tanzania pia baadhi ya makampuni ya simu yamekwisha kuanza kuwapa wateja huduma hiyo.

Chipu iliyolehemewa hutoka kiwandani bila habari za mteja yeyote. Ina namba yake yenyewe ya tarakimu 32, lakini haijui ni ya Vodacom, ya Airtel au ya kampuni gani nyingine. Mteja akikwisha kusajiliwa, kampuni humwandalia furushi la data na kumpa mchoro wa mraba wenye vidoadoa vyeusi na vyeupe. Simu huusoma mchoro huo kwa kamera yake, kisha hulivuta furushi kwa njia ya intaneti na kulihifadhi ndani ya chipu. Furushi hilo limefungwa kwa siri hata likifikiwa na mtu njiani hawezi kulisoma. Chipu moja yaweza kuhifadhi mafurushi kadhaa, ingawa kwa kawaida ni moja au mawili tu yanayofanya kazi kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo kosa la "laini pepe" linapoonekana. Wengi hudhani kwamba herufi "e" katika eSIM ni ile inayofasiriwa "pepe" katika barua pepe, au "mtandao" katika "serikali mtandao". Sivyo. "E" hii inasimamia neno la Kiingereza lenye maana ya kitu kilichopachikwa ndani ya kingine. Barua pepe yaweza kusomwa kwa simu yoyote, hata ya kuazima, kwa sababu yenyewe imewekwa mahali pengine. Laini ya aina hii haiko hivyo. Furushi lake limo ndani ya chipu ya simu moja, na simu hiyo ikizama, furushi limezama nayo. Aliyelipa jina la upepo amekipa sifa ya kuelea kitu kilichofungwa kuliko hata kadi.

Mambo matatu katika neno moja

Ili kuendelea vizuri, hatuna budi kutenga mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku yote huitwa "laini".

(a) Kuna chombo kinachobeba. Zamani kilikuwa kadi; sasa chaweza kuwa chipu iliyolehemewa.

(b) Kuna habari za siri zilizomo katika chombo. Humo mna namba ya utambulisho isiyozidi tarakimu 15, ambayo mteja haioni, na ambayo tarakimu zake tatu za kwanza ni alama ya nchi: 640 kwa Tanzania, 642 kwa Burundi, 630 kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na 645 kwa Zambia. Humo pia mna ufunguo wa siri ambao kampuni huutumia kuhakikisha kwamba simu inayoita ni ya mteja wake kweli.

(c) Kuna haki ya mteja katika daftari la kampuni: namba anayopigiwa, jina lake, usajili wake, salio lake na fedha zake.

Watu wengi huamini kwamba namba ya simu na fedha zimo ndani ya kadi. Ukweli ni kwamba vyote viwili vimo katika daftari la kampuni. Ndiyo sababu mtu aliyepoteza kadi huenda dukani na kitambulisho chake, akapewa kadi nyingine yenye ufunguo mwingine wa siri, na bado namba yake ikawa ile ile na fedha zake zikawa pale pale. Kilichobadilika ni (a) na (b). Kilichobaki ni (c).

Sasa tujiulize: mwananchi wa Tanzania anaposema "laini", anakusudia lipi kati ya hayo? Husema "laini yangu imefungwa", na hapo kadi ni nzima. Husema "nimerudisha laini yangu", ilhali aliyoipokea ni kadi mpya kabisa. Mwaka 2019, wananchi walipotakiwa kusajili upya kwa alama za vidole na Kitambulisho cha Taifa, kazi iliyoendelea hadi tarehe 20 Januari 2020, matangazo yalisema "usajili wa laini za simu". Kanuni zilizotolewa mwaka 2020 juu ya jambo hilo zinataja kadi katika jina lake la Kiingereza, lakini katika Kiswahili cha matangazo na cha mitaani kilichosajiliwa kilikuwa laini. Na mtu akipiga *106# huonyeshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Hawezi kuonyeshwa kadi.

Kwa ufupi, maana ya msingi ya "laini" katika Kiswahili ni (c), na maana ya kadi ni ya kuazima tu. Wananchi walitangulia kulitenga jambo ambalo Kiingereza kiliendelea kulichanganya. Kwa hiyo kadi ikitoweka, neno "laini" halitoweki nayo, na mtafsiri hana haja ya kutafuta neno geni la kuchukua nafasi yake.

Waya uliotoweka, jina likabaki

Wako watakaouliza kama ni halali kuendelea kutumia neno lililotokana na waya kwa kitu kisicho na waya wala kadi. Jibu la swali hilo tunalo katika historia ya lugha yetu, na sehemu ya historia hiyo ilipita Ujiji.

Neno "simu" asili yake ni Kiajemi, na huko lina maana ya fedha na ya uzi wa madini, yaani waya. Liliingia katika Kiswahili likawa na maana ya waya wa kupelekea habari na ya habari yenyewe iliyopelekwa kwa waya huo. Waya wa aina hiyo ulifika Ujiji mapema mno. Kampuni iliyoanzishwa na Cecil Rhodes ilikuwa imekusudia kuvuta waya wa simu kutoka kusini ya Afrika hadi Cairo. Mwanzoni mwa karne ya 20 waya huo ulifika Ujiji, na hapo ukaishia. Haukuendelea tena kaskazini. Kwa mtu wa Ujiji wa siku hizo, simu ilikuwa nguzo na waya anaouona kwa macho.

Baadaye ulikuja upelekaji wa habari bila waya, na wazee wakauita "simu ya upepo". Tukitazama kwa maana ya asili, hilo lilikuwa jambo la kuchekesha, kwani ni sawa na kusema "waya wa upepo". Hata hivyo hakuna aliyepotoka, kwa sababu wakati huo "simu" ilikwisha kuuacha waya na kuwa jina la kazi inayofanywa. Leo tunasema "simu ya mkononi" na hakuna anayekumbuka waya.

Neno "laini" limepita njia ile ile. Limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mstari au waya wa simu, nalo limeuacha waya kama "simu" ilivyouacha. Linalo pacha lake, ile "laini" ya asili ya Kiarabu yenye maana ya kitu kisichokwaruza, lakini mapacha hawa hawajapata kugombana. Msemaji asemapo "kitambaa laini" na "laini ya simu", muundo wa maneno hueleza mara moja ni ipi inayokusudiwa.

Laini katika mwambao wa ziwa

Kabla ya kupima istilahi, tulikaa siku chache Kigoma Mjini na Ujiji kusikiliza wasemaji. Tulichagua huko kwa sababu mbili. Kwanza, ndiko swali lilikotoka. Pili, Ziwa Tanganyika linagusa nchi nne, na mtu wa mwambao huo hujua laini kuliko wengi wetu. Mfanyabiashara anayesafiri kwenda Kalemie, Uvira, Bujumbura au Mpulungu hukuta namba zinazoanza na 243, 257 au 260, na huko laini yake ya nyumbani humgharimu. Kwa hiyo huwa na laini mbili au tatu, na kadi asiyoitumia huihifadhi ndani ya pochi, au katika kikaratasi nyuma ya jalada la simu.

Tuliyoyaona huko yalitufundisha kwamba kadi haikuwa plastiki tu katika maisha ya watu. Ilikuwa na desturi zake. Iko desturi ya kuitoa kadi kabla ya kumpa fundi simu, ili fundi asibaki na laini ya mtu. Iko desturi ya kuchomeka kadi katika simu ya jirani wakati simu yako haina moto, ili upokee ujumbe wa fedha kisha uitoe. Na iko ya mtu asiye na simu kabisa lakini ana laini: amesajiliwa, ana namba, ana akiba yake, na simu huiazima. Huyo wa mwisho tusimsahau. Tangazo litakalosema "kadi imepitwa na wakati" litakuwa limemfuta, kwa sababu yeye hana simu ya kulehemewa chipu.

Desturi hizo zote zinategemea kwamba laini yaweza kutenganishwa na simu kwa ukucha. Katika simu ya chipu haiwezekani. Kwa upande mmoja hiyo ni salama, kwani mwizi hawezi kuichomoa laini na kuitia katika simu nyingine. Kwa upande mwingine, fundi akifuta kila kitu kilichomo ndani ya simu, laini yaweza kufutika pamoja na picha, kama hakuchagua kuibakiza. Na ili kuirudisha, mwenyewe hana budi kuomba upya kwa kampuni. Aidha, ili furushi livutwe katika simu mpya, simu hiyo yahitaji intaneti kutoka mahali pengine, kwa maana yenyewe bado haina laini. Mkazi wa kijiji cha mbali huko kusini mwa ziwa itambidi aazime kwa simu ya mwenziwe. Haya ndiyo mambo ambayo istilahi nzuri haina budi kuyaacha yaonekane, au walau isiyafunike.

Istilahi zilizopendekezwa

Tulikusanya majina yanayotumika na yaliyopendekezwa, tukayapima moja moja.

1. Kulitohoa jina lenyewe. Tukifuata kawaida ya kuongeza irabu mwishoni, eSIM itakuwa "isimu". Neno hilo tayari ni jina la taaluma ya lugha. Mwalimu atakayesema "mwanafunzi ana isimu mbili" atakuwa amejitafutia maswali. Isitoshe, wengi wanadhani SIM ni kifupisho cha "simu", na dhana hiyo potofu itazidi kupata nguvu.

2. Kubuni neno jipya. Orodha za maneno zinazosambazwa zimewahi kuleta "kadiwia" na "mkamimo" kwa ajili ya kadi ya simu. Hatuwakatazi watu kubuni, lakini ni vigumu kumshawishi msemaji aache "laini" anayoielewa ashike neno ambalo halimwelezi chochote.

3. Laini ya kielektroniki. Kadi nayo ni ya kielektroniki. Istilahi hii haitengi kitu.

4. Laini mtandao. Katika lugha ya simu, "mtandao" ni jina la kampuni ("wewe uko mtandao gani?") na pia ni intaneti. Istilahi hii ingeongeza maana ya tatu juu ya mbili zinazokwisha kuchanganywa.

5. Laini pepe. Tumekwisha kuijadili.

6. Laini ya chipu. Ina ukweli, lakini kadi nayo ina chipu. Na katika mwambao wa ziwa iko kasoro nyingine: wageni wanaotoka nchi zenye kutumia Kifaransa wamezoea kuiita kadi yenyewe kwa neno la Kifaransa lenye maana ya kiroboto, ambalo pia ndilo jina la chipu. Kwao "laini ya chipu" ni ile ile ya kadi.

7. Laini ya ndani. Hii ilitupendeza sana tulipokuwa mezani, kwa kuwa ni Kiswahili chepesi na ni kweli kwamba chipu imo ndani. Ilitushinda dukani. Katika duka moja la simu tulimsikia kijana wa dukani akimhudumia mama wa makamo aliyetaka kurudishiwa laini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Laini yako ni ya kadi au ya ndani?"

"Ya ndani, baba. Ile ya Kongo nilishaiacha."

Kijana alianza kumtafutia mama mchoro wa vidoadoa, na mama akafungua kifundo cha kanga akatoa kadi iliyovunjika. Mama hakukosea hata kidogo. Katika mji wa mpakani "laini ya ndani" ni laini ya nchini, na "laini ya nje" ni ya ng'ambo ya ziwa. Istilahi iliyofaa Dar es Salaam ingekwama Kigoma, na istilahi ya taifa haiwezi kuchagua mikoa.

Pendekezo letu

Baada ya kuyatazama hayo yote, tunapendekeza tuangalie tendo analolifanya mwenye laini. Laini ya kadi huchomekwa. Laini ya aina mpya hupakuliwa. Kwa hiyo tunapendekeza "laini ya kupakua".

Kitenzi "kupakua" ni cha zamani. Ndicho kinachotumika kwa wali unaotolewa chunguni, na kwa shehena inayoshushwa kutoka chomboni. Mtu yeyote aliyesimama Kibirizi maboti yakiwasili amekisikia. Katika kazi ya kompyuta kimekwisha kukubalika kwa maana ya kuvuta data kutoka kwenye intaneti. Kina picha tunayoihitaji: kitu kilikuwa mahali fulani, kikaletwa, kikawekwa hapa, na kilichopakuliwa hapa hakiko tena hewani.

Mwalimu makini atasema kwamba "laini ya kupakua" yaweza kueleweka kuwa laini ambayo mtu huitumia kwa kupakulia nyimbo na picha. Tunamjibu kwa sarufi ya Kiswahili. Tunasema "maji ya kunywa", na hayo ndiyo yanayonywewa. Tunasema "kikombe cha kunywea", na hicho ni chombo cha kazi hiyo. Tunasema "nyama ya kukata" na "kisu cha kukatia". Vivyo hivyo "laini ya kupakua" ni ile inayopakuliwa, na ile ya kupakua vitu vingine ni "laini ya kupakulia". Tofauti hii inafundishwa katika madarasa ya chini, na hapa imepata kazi.

Kutokana na hayo, istilahi tunazozipendekeza ni hizi zifuatazo:

Laini: haki ya mteja katika mtandao wa kampuni, pamoja na namba na usajili wake. Neno hili lisitumike katika maandishi rasmi kwa maana ya kadi.

Kadi ya laini: kipande cha plastiki chenye chipu, kinachochomekwa katika simu.

Chipu ya laini: chipu iliyolehemewa ndani ya simu.

Wasifu wa laini: furushi la data linalomtambulisha mteja, linalohifadhiwa katika kadi au katika chipu.

Laini ya kadi: laini ambayo wasifu wake umo katika kadi.

Laini ya kupakua: laini ambayo wasifu wake hupakuliwa na kuwekwa katika chipu ya laini.

Vitenzi navyo vitumike kwa uangalifu. Kadi huchomekwa na kuchomolewa. Wasifu hupakuliwa, huzimwa, huwashwa na hufutwa. Laini husajiliwa, hufungwa, hurudishwa na huhamishwa. Mtafsiri akishika mgawanyo huo wa vitenzi, hata pale atakaposahau istilahi msomaji ataelewa ni kitu gani kinachotajwa.

Kwa watumishi wa serikali tunaongeza jambo moja. Katika fomu nyingi kuna maagizo kama "leta kadi yako ya simu" pale ambapo kinachotakiwa ni uthibitisho kwamba namba ni ya mwombaji. Mwenye laini ya kupakua hawezi kuleta kadi, na asiye na simu hawezi kuleta simu. Fomu iseme "thibitisha umiliki wa laini", na wote wawili watahudumiwa.

Hitimisho

Mfasiri wetu wa Kigoma tulimrudishia rasimu yake, na mstari ule sasa unasomeka hivi: "Simu yako ikipotea, wasifu wa laini ya kupakua hupotea pamoja nayo, lakini namba na fedha zako hubaki katika kampuni. Toa taarifa mara moja ili laini ifungwe, kisha nenda na kitambulisho chako upate wasifu mpya." Ni mrefu kuliko ule wa kwanza. Lakini mchuuzi wa Katonga akiusoma atajua aende wapi, achukue nini, na kwa nini afanye haraka.

Istilahi hizi bado ni mapendekezo. Hazijapitishwa kuwa sanifu. Inawezekana wananchi watachagua "laini pepe", na wakishaichagua itatubidi tuipokee na kuieleza vizuri, kama wazee walivyoipokea "simu ya upepo". Kwa wakati huu ambapo neno halijakaa, tunaona ni wajibu wetu kusema lililo karibu zaidi na kweli. Tunawaomba walimu na wafasiri, hasa wale wa mikoa ya mipakani na wenzetu wa Kenya, Burundi na Kongo, watuandikie majina wanayoyasikia katika maduka na masoko yao, pamoja na sentensi nzima ambamo jina limesikika. Katika kazi hii jibu la mama mmoja dukani lilitufaa kuliko vikao vyetu vya mezani, na tunataraji barua zenu zitatufaa vivyo hivyo.